Barabara ya Lamu haikatiki yote, tutajieni ni wapi

Mhariri,

Kila mto Tana unapofura, kichwa cha habari huwa kile kile: barabara ya Lamu imekatika. Abiria aliyekaa juu ya mizigo yake steji ya Malindi, mwenye duka wa Witu anayengoja unga, na nahodha wa boti pale jeti ya Mokowe, wote husoma maneno hayo na hakuna anayejua afanye nini. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni takriban kilomita 220. Sehemu inayozama ni kipande kidogo tu cha safari hiyo, ina majina yake, na ilikuwa ikizama kabla lami haijafikiriwa. Ombi langu kwenu ni dogo: itajeni. Semeni ni Gamba, au ni Lango la Simba, au ni Nyongoro, au ni kabla hujafika Garsen. Kila jina lina maana yake kwa msafiri, na maana hiyo imo katika historia ya njia yenyewe.

Atokaye Malindi kwenda kaskazini huvuka kwanza Sabaki, mto wenye maji mekundu ya udongo wa bara. Huiacha Mambrui upande wa bahari, hupita Gongoni, penye njia ya kuingilia Ngomeni ambako Waitalia walirusha roketi zao tangu miaka ya 1960, kisha mashamba ya chumvi yaliyotandaa hadi Marereni. Hapo Kilifi inakwisha, Tana River inaanza. Barabara huipa bahari kisogo, ikashika nyika hadi Minjila. Minjila ni kituo kidogo lakini njia panda yake ni kubwa: huku Hola na Garissa, huku Garsen na Lamu. Baada ya Garsen ni daraja la Idsowe juu ya Tana, halafu Gamba, Lango la Simba, Nyongoro, na Witu. Ukishaipita Witu ardhi inainuka kidogo na udongo unageuka kuwa wa mchanga. Njia ya Mkunumbi inachepuka, ya Mpeketoni inachepuka, unafika Hindi, na mwisho Mokowe, lami inapoingia majini na safari iliyobaki ni ya boti.

Katika mpangilio wa zamani wa barabara za Kenya, njia hii ilikuwa na nambari mbili. Kutoka Mombasa kupitia Malindi hadi Garsen na kuendelea Garissa ilikuwa B8. Kuanzia Garsen hadi Lamu ilikuwa C112. Herufi hizo zilikuwa na uzito. A ilikuwa njia ya kuunganisha nchi na nchi, B ilikuwa ya kitaifa, C iliunganisha miji yenye umuhimu katika mkoa, D na E zilikuwa ndogo zaidi. Kwa hesabu hiyo Lamu, bandari iliyofanya biashara na Bara Arabu na Bara Hindi kabla Nairobi haijapigwa hema la kwanza, iliwekwa kuwa mji wa mkoa wa Pwani basi, na barabara yake ikawa ya mkoa. Viwango vya ujenzi hufuata herufi. Ndiyo sababu gari lilitoka Mombasa likiteleza juu ya lami, na lilipoipita Garsen likaanza kutikisika hadi skrubu zikalegea.

Mikoa iliondoka kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, na mpangilio mpya wa 2016 ukazipangua nambari zile. Hata hivyo ramani nyingi bado zina C112, na mafundi wa barabara bado wanasema C112. Mkiandika habari za zabuni au za ajali, wekeni nambari ya zamani kando ya mpya, msomaji asidhani ni barabara mbili. Jambo jingine linalochanganywa kila siku ni mwenye barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliziweka njia za kundi A, B na C chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu ya kitaifa, na njia hii bado iko chini yake. Mwananchi anayemwendea gavana kwa sababu ya shimo la Lango la Simba anabisha mlango usio wake, na magazeti yanaweza kumwokolea nauli hiyo kwa sentensi moja.

Sasa nije kwenye maji.

Kabla ya barabara, Lamu iliendewa kwa bahari. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yalishuka Mombasa na boriti za mikoko. Kusi ikivuma yakapanda. Safari ya nchi kavu kati ya Malindi na Lamu ilikuwepo, lakini katikati yake palikuwa na kizuizi ambacho hakuna aliyekidharau: mahali Tana inapofika karibu na bahari na kuacha kuwa mto mmoja. Inagawanyika mikono, inajaza maziwa, inaacha mkono huu mwaka huu na kuushika mwingine mwaka ujao. Wapokomo hulima mpunga na ndizi juu ya matope hayo, na Waorma huleta ng'ombe wao huko kiangazi kinapokauka. Uhai wa delta nzima unategemea mto kutoka nje ya kingo zake. Anayejenga barabara pale anajenga ndani ya nyumba ya maji.

Mfano mzuri ni Belezoni. Katika karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji mwembamba wa kuuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite na nafaka bila kutokea baharini. Tana ikaukubali. Maji yakaupanua mfereji mwaka baada ya mwaka, mpaka mto mkubwa ukahamia humo, na leo mlango wa Tana ni Kipini, kwenye Ozi. Mto huu hupokea njia yoyote unayopewa, na hukataa kufungiwa njia iliyokuwa yake. Hayo mawili yakikaa kichwani, kila kinachotokea kwenye C112 kinaeleweka.

Witu yenyewe ilikuwa mji mkuu kabla ya kuwa kituo cha basi. Ahmed Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alijikinga humo msituni mbali na mkono wa Zanzibar. Mwaka 1885 akaingia mkataba na Wajerumani, na mwaka 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza eneo hilo katika mapatano yao ya Heligoland na Zanzibar. Mwaka huo huo Waingereza wakautia moto mji. Naitaja habari hii kwa sababu ya mahali mji ulipokaa. Simba alichagua ardhi kavu yenye msitu, nyuma ya tope la delta ambalo jeshi lingepata taabu kulivuka. Tope hilo hilo lililomkinga yeye ndilo linalolikwamisha lori la saruji leo.

Barabara ya magari ilipofika Tana, kwa miaka mingi Garsen palivukwa kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Gari moja moja, watu kamba mkononi, na mto ukipanda kivuko kinafungwa na kila mtu analala upande wake. Ndipo Garsen ikawa mji wa wenye kungoja, wa chai, mahamri na vitanda vya kukodi. Madaraja yalipokuja, tatizo la kuuvuka mto wenyewe likapungua sana. Lakini maji yaliyokuwa yakimsimamisha msafiri kwenye kivuko hayakwenda popote. Yalihamia kwenye tuta la barabara upande wa pili, kati ya Idsowe na Nyongoro, na huko hakuna mji wa kumlisha aliyekwama.

Kwa nini hasa pale? Kwanza, ardhi ni tambarare na barabara inakatiza upana wa bonde, wakati maji yanaelekea baharini. Tuta likiinuliwa linakuwa ukuta, na chini ya ukuta kuna matundu machache ya kalavati, yaani mabomba ya kupitishia maji. Maji yakija kidogo, yanapita kwenye matundu. Yakija mengi, yanajikusanya upande wa juu kama bwawa, yanapanda hadi usawa wa lami, kisha yanaimwagikia.

Aliyeisimamia barabara ikizama anajua kwamba maji hayaanzi kula upande yanakotoka. Huanza upande yanakoangukia. Yakipita juu ya lami kwa kina cha kiganja tu, juu huonekana yametulia kabisa, lakini chini ya ukingo wa pili yanachimba. Changarawe ya kando inaondoka, halafu tabaka lililo chini ya lami, na lami yenyewe inabaki ikining'inia kama mkeka uliotokeza nje ya kitanda. Ukiitazama kutoka kwenye kiti cha dereva ni nzima. Tairi la lori likiikanyaga, inakatika kipande kirefu kama biskuti, na gari linalala ubavu. Kwa hiyo dereva anayeambiwa "maji yako chini, pita" ashike katikati ya barabara, mbali na ukingo wa chini ya mkondo, na asipite mpaka aliyeukagua ukingo huo kwa macho yake amruhusu. Maji ya sentimita 30 yakiwa na mkondo yanaweza kulielesha gari dogo. Ya sentimita 60 huchukua hata gari kubwa kuliko hilo. Na ile desturi ya utingo kushuka na kutangulia kwa miguu kupima kina, kwenye Tana ina hatari yake, maana huu ni mto wenye mamba na wakati wa mafuriko mamba hawakai mtoni.

Pili ni udongo. Kati ya Minjila na Nyongoro sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono mzima. Ukilowa unavimba, unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linajaa na kuacha kuzunguka. Barabara iliyokaa juu yake hupanda na kushuka kila msimu, na ndiyo maana lami hupasuka kwa urefu, kando, karibu na mtaro, mahali udongo unapokauka na kulowa zaidi kuliko katikati. Dawa zake ni mbili, na zote ni ghali: kuuondoa udongo huo na kujaza wa kichanga uliochukuliwa kwingine, au kuuchanganya na chokaa, kwa kawaida asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake mkavu, kisha kuushindilia matabaka ya sentimita 15 hadi 20 ungali na unyevu wake unaofaa. Ukishindiliwa mkavu haushikani. Ukishindiliwa chepechepe unarudi kuwa tope. Mkandarasi anayeharakisha kazi hii kabla ya mvua anazika fedha.

Enzi za changarawe matatizo yalikuwa mengine na ya haraka zaidi. Mgongo wa barabara ya changarawe unatakiwa kuinuka kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita kutoka katikati hadi kando, ili maji yasikae. Malori yakipita mstari mmoja mgongo unalala, mvua ya kwanza inatuama kwenye alama za tairi, na wiki ya pili alama hizo ni mitaro. Greda ikija kukwangua pakiwa pakavu inaondoa changarawe laini inayoshikamanisha, na baada ya siku chache makunyanzi yanarudi. Wakati wa kupitisha greda ni mara tu baada ya mvua, unyevu ungalipo. Nayasema haya kwa sababu barabara za kuchepukia Kipini, Mkunumbi na vijiji vya ndani bado ni za namna hiyo, na bado zinakwanguliwa zikiwa kavu.

Lami kutoka Garsen hadi Lamu ilianza kujengwa 2017, na haki isemwe: safari imebadilika. Samaki wa Lamu anafika Malindi na barafu yake, na mgonjwa hapigwi kichwa na dari la gari. Lakini lami ilifuata mstari ule ule wa C112, na maji yakafuata mstari wao. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokuja, barabara hiyo mpya ilizama kwenye eneo la Gamba na Lango la Simba, na Lamu ikatengana na Mombasa kwa njia ya gari. Mwaka 1997 na 1998 El Niño ilikuwa imepita hapo hapo na kuharibu mradi mkubwa wa mpunga wa delta pamoja na kingo zake. Mwaka 1961 vilevile nchi ilipata mafuriko ambayo wazee bado wanahesabia umri wa watoto wao. Mahali hapo hapabahatishwi.

Tatu, na hili ndilo linalowapotosha wengi zaidi: maji yanayokata barabara hayatoki kwenye mvua inayonyesha hapo. Mvua ya Garsen ni ndogo. Tana inaletewa maji na Mlima Kenya na Aberdare, yanapita kwenye mabwawa matano yaliyojengwa kati ya 1968 na 1988: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mabwawa yakijaa na kumwaga, maji hupita Garissa, na huchukua siku kadhaa kuteremka hadi delta. Hivyo msafiri anaweza kutoka Malindi jua likiwaka, mbingu hazina hata wingu, akakuta Gamba bahari. Na anaweza kukuta mvua kubwa Malindi na Mokowe, akasema leo hakupitiki, kumbe Gamba pakavu. Atakaye kujua hali ya barabara wiki ijayo aulize kina cha mto Garissa leo, na habari za Masinga juzi. Vipimo hivyo vipo. Gazeti likivichapa kila Jumatatu katika miezi ya masika na vuli, kwa mistari mitatu tu, litawasaidia watu kuliko picha tano za basi lililozama.

Kuna na jambo la usalama, nalo pia limefungwa na kipande hicho hicho. Tangu miaka ya ujambazi wa shifta, na tena baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi yamekuwa yakipita kwa msafara chini ya ulinzi kwa vipindi. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Gari linalosimamishwa na maji kati ya Gamba na Witu linasimama mahali ambapo halitakiwi kusimama, jioni ikiingia. Ndiyo sababu namkatalia anayesema abiria wapelekwe tu hadi ukingo wa maji wangoje hapo. Wazuiwe Minjila au Garsen kwa upande wa Malindi, na Witu kwa upande wa Lamu, penye polisi, maji ya kunywa na mahali pa kulala.

Kwa hiyo habari ya kukatika kwa barabara ingetaja mambo haya: jina la mahali na kati ya wapi na wapi, kina cha maji juu ya lami kwa sentimita, ukingo gani umeliwa, magari gani yanaruhusiwa, na mto umefika kiasi gani Garissa. Pakikatika kabla ya Minjila, wa Hola na wa Lamu wote wamekwama. Pakikatika Gamba, wa Hola anaendelea zake, na wa Garsen anafika nyumbani. Pakikatika Nyongoro, watu wa Kipini na Witu bado wanatumikiwa na Mokowe. Mwenye bidhaa Mpeketoni hana sababu ya kupandisha bei ya unga kwa sababu ya maji ya Gamba siku ya kwanza, ikiwa ghala limejaa. Hupandisha kwa sababu gazeti na redio zimesema barabara yote haipo.

Kwa mamlaka husika, naomba mkipata nafasi mwaandikie haya. Kati ya Idsowe na Nyongoro kunahitajika nguzo za kupima maji kando zote mbili za barabara, zenye rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 20, ili dereva aone ukingo na kina bila kushuka. Kalavati zisiwe chini ya sentimita 90 upana wa tundu, kwa kuwa ndogo kuliko hiyo mtu hawezi kuingia kuzoa matope na magogo, na kalavati iliyoziba ni sawa na kalavati isiyokuwepo. Zizolewe Machi na Septemba, kabla ya masika na vuli, tusingoje maji yakishapanda. Na pale ambapo mto umeonyesha kwa miaka 60 kwamba utapita juu, pasiinuliwe tuta zaidi. Pawekwe kivuko cha chini cha zege, chenye ukuta wa kuzuia uchimbaji upande wa kuteremkia, maji yapite juu yake siku tatu au nne na barabara ibaki. Tuta refu bila matundu ya kutosha litahamishia mafuriko kwenye mashamba na nyumba za watu wa upande wa juu, nao watalichimba usiku kwa majembe, na hakuna askari atakayewazuia.

Wapo wanaosema barabara ikikatika bahari ipo. Bahari ipo, lakini masika na kusi huja pamoja. Mwezi wa Mei, wakati Tana inapojaa, ndio wakati mawimbi ya nje ya Kipini yanapokuwa makubwa na nahodha mwenye akili hatoki na mashua ya abiria. Ikiwa ni Novemba, bahari imetulia, na boti za kutoka Mokowe kushuka kusini zinawezekana kwa wale wenye dharura, mradi kila abiria avae jaketi la kuokolea na boti isijazwe. Tofauti hiyo ya Mei na Novemba nayo ingefaa kuandikwa siku barabara inapozama.

Vuli inaanza Oktoba. Nguzo za kupima maji zikianza kusimikwa Agosti, udongo ukiwa mkavu, zitakuwa zimeshika.

Wako,
Msomaji, Hindi, Lamu